Emuleta ya Flash inaonyesha NaN kwenye alama, naombeni ushauri

Mtundu_Baiti: Wakuu, nimekwama. Natengeneza emuleta (programu ya kuiga nyingine) ya Flash Player, ya chanzo huria, kwa lugha ya Rust, inageuzwa WebAssembly (msimbo ambao kivinjari huendesha) ili ifanye kazi ndani ya kivinjari. Picha zinatoka vizuri, lakini mchezo mmoja wa zamani unaonyesha NaN (yaani "si namba") mahali pa alama. Nataka kuitoa hadharani wiki hii. Nifanyeje?

Kipanga: Ushauri wangu, usiguse AVM2, sehemu inayoendesha msimbo wa ActionScript 3, mapema. ActionScript 3, lugha ya Flash, ilikuja na Flash Player 9 mwaka 2006 na ni mashine nyingine kabisa. Maliza AVM1, ya ActionScript za zamani, kwanza.

Bi_Sintaksia: Kwa nini usijiunge na Ruffle, emuleta ya Flash iliyopo tayari? Nayo ni Rust na WebAssembly.

Kobe: Jamani, kauliza NaN. Mkuu, faili la mchezo ni SWF (muundo wa faili za Flash) toleo gani? Angalia baiti ya nne. Na kanuni ya kugeuza undefined (kigezo kisicho na thamani) kuwa namba umeitoa wapi?

Mtundu_Baiti: Toleo la 6. Kanuni iko sahihi, nimehakiki.

Kobe: Umehakiki kwa kipi?

Mtundu_Baiti: Nimedikompaili (nimerudisha kuwa msimbo unaosomeka) plagini ya Flash Player yenyewe, nikahamishia vipande kwenye Rust. Majina yote nimebadilisha. Isitoshe, iliachwa tangu 31 Desemba 2020, nani atadai?

Bi_Sintaksia: Plagini kuachwa hakufuti hakimiliki, na kubadili majina hakuufanyi msimbo kuwa wako. Ukiutoa hivyo, kila atakayechangia unamtia matatani. Maelezo ya muundo wa SWF yapo wazi, na tangu 2008 sharti la kutoyatumia kutengeneza kichezeshi liliondolewa. Una sababu gani ya kunakili?

Mtundu_Baiti: Ni sehemu mbili tu, ugeuzaji wa aina za data na uchoraji wa maumbo. Kuziandika upya kutanichelewesha sana.

Zumbukuku: Mimi naona stori ya kutunga. Aliyesoma msimbo wa plagini angekuta toleo la 6 linatendewa tofauti na la 7. Weka baiti kumi za mwanzo tuone.

Mtundu_Baiti: 43 57 53 06 9A 41 02 00 78 9C

Kobe: Faili ni la kweli. CWS (SWF iliyobanwa), toleo la 6, baiti 147,866 likishafunguliwa, na data iliyobanwa kwa zlib inaanza baiti ya tisa. Sasa sikiliza. Hadi toleo la 6, undefined ikigeuzwa namba ni 0; kuanzia la 7 ni NaN. Ikigeuzwa maandishi, hadi la 6 ni tupu. Kuanzia la 7 ni "undefined". Mchezo wako huenda unajumlisha alama kwenye kigezo ambacho hakijapewa thamani. Na usishike toleo moja kwa programu nzima: faili la 8 linaweza kupakia la 6 kwa loadMovie (amri ya kupakia faili jingine), kwa hiyo fuata toleo la faili lenye msimbo unaoendeshwa.

Zumbukuku: Sawa, nimeridhika. Basi tengeneza SWF ndogo yenye trace(undefined + 10), amri ya kuchapisha jibu, moja toleo la 6, nyingine la 7. Ziendeshe kwenye kichezeshi cha asili, hifadhi majibu yawe majaribio yako. Unachunguza tabia yake, msimbo wake huugusi.

Mtundu_Baiti: Hilo nalianza leo. Ila maumbo nitayaacha yalivyo kwanza.

Bi_Sintaksia: Usiyaache, ndugu yangu. Pikseli moja ni twip 20, twip ikiwa kipimo cha SWF. Ukitazama ukingo unakoelekea, fillStyle0 ni rangi ya kushoto, fillStyle1 ya kulia. Kusanya kingo za kila rangi, za kushoto zigeuze mwelekeo, kisha unganisha ncha hadi umbo lifunge. Mwandikaji awe mtu ambaye hajauona ule msimbo. Na ule ulionakili ufute kwenye historia yote ya git, kwa sababu ukifuta kwenye komiti (hifadhi ya mabadiliko, commit) ya mwisho tu, bado utakuwa unausambaza.