Kozi ya kuzamia ya siku chache: hii kadi inatosha kweli?

BintiKasarani: Wadau, hamjambo. Nimepata nafasi ya kozi ya kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nadharia nasoma kwa simu, wikendi mbili bwawani hapa Nairobi, halafu siku mbili baharini Diani. Nikimaliza napewa kadi ya PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji) ya kuzamia hadi mita 18 popote duniani, na haina tarehe ya kuisha. Kinachonitia wasiwasi ni wepesi wake: kuogelea mita 200 bila kupimwa muda, kuelea dakika 10, mazoezi ya bwawani, kuzamia baharini mara nne, basi. Leseni ya gari ilinitoa jasho zaidi! Ni woga wangu, au viwango viko chini?

Papa_Mtwapa: Dada, swali lako ni zuri. Nimeongoza wageni baharini miaka mingi na nakwambia kanuni za kozi zenyewe si mbaya. Mara nne ni kima cha chini, hata kiwango cha kimataifa cha wazamiaji, ISO 24801-2, kinataka hivyo hivyo. Lakini kanuni za kozi pia zinasema kila zoezi (kutoa maji kwenye miwani, kupumulia hewa ya mwenzako, kupanda ukiishiwa hewa) ulifanye kwa utulivu, tena na tena, si kwa bahati. Kuna watu wangehitaji kushuka mara saba ndipo wafike hapo. Sasa kozi imeuzwa kwa siku, hoteli imelipwa, mashua inangoja. Mwalimu gani atakuambia "wewe bado"? Nimewaona wenye kadi wakishuka kama nanga na kukanyaga matumbawe kwa sababu hawajui kutulia katikati ya maji. Hapo ndipo penye kazi. Kupiga magoti chini ya bwawa na kuvua miwani hata mtoto ataweza.

Fundi_SouthB: Mzee Papa, hapo sikubaliani nawe sana. Bila kozi fupi, sisi wa mishahara ya Nairobi tungezamia lini? Shida naiona ngazi ya pili, ile wanayoiita ya juu. Kushuka mara tano tu, hakuna mtihani wa kuandika, na unaweza kuianza mara tu baada ya ile ya kwanza. Mtu ameingia baharini mara tisa maishani, anaruhusiwa mita 30! Jina linampa kichwa kikubwa, kesho anataka kupelekwa kwenye MV Dania, ile meli iliyozama pale Mombasa.

Ngong_Juu: Mnasahau kwamba huyu dada anarudi Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishazamia, naitrojeni inabaki mwilini, na ukipanda juu haraka inaweza kufanya viputo vya kudhuru mwili. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wanashauri usipande ndege hadi zipite angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa. Kozini utaambiwa habari za ndege, kisha watu wanatoka majini mchana na kupanda SGR ya usiku wakidhani wako salama kwa kuwa wako ardhini. Naitrojeni haiulizi umepanda kwa tiketi gani. Mimi hulala pwani usiku mmoja zaidi, na naona kozi inayomfundisha mtu wa Nairobi bila kugusa jambo hili ina pengo.

BintiKasarani: Haki ya Mungu hilo la treni sikuwa nimeliwaza. Asanteni. Sasa mwalimu nimuulize nini kabla sijalipa?

Papa_Mtwapa: Anza na hili: "Nisipoweza zoezi siku ya mwisho, inakuwaje?" Akicheka na kukuambia hapa hakuna anayeanguka, tafuta mwingine. Anayekwambia utarudia na gharama yake ni kadhaa, huyo ni wa kukaa naye. Uliza mtakuwa wangapi majini. Kanuni ya PADI inaruhusu wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja. Mimi wanne wananitosha, maji yakichafuka wawili. Na usiende Juni au Julai kusi likivuma, subiri kaskazi. Ndugu wa Ngong yuko sahihi, tiketi ya kurudi ikate ya kesho yake jioni.

Fundi_SouthB: Na ukishaipata kadi usikae mwaka mzima ukaibuka Watamu ukidai unajua. Lipia somo la kujikumbusha bwawani kwanza.