Siku nne Napoli: piza ipi nile, na wapi?

Mwalimu_wa_Dodoma

Habari zenu wakuu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakuwa Napoli, Italia, kwa warsha ya siku nne pale Chuo Kikuu cha L'Orientale. Kwa wasiokifahamu, ni chuo ambacho Kiswahili kinafundishwa kwa miaka mingi sasa. Mchana nitakuwa kazini, ila jioni zote ni zangu, pamoja na nusu siku ya mwisho kabla ya ndege.

Nataka kula piza. Huku kwetu ninayoijua ni ile kavu kwa chini, imejaa kuku na pilipili hoho, inakatwa vipande vinane tunagawana mezani. Naipenda na wanangu wanaipenda. Lakini nikifika mji ambao piza imezaliwa, nataka nile kitu nitakachokikumbuka hata miaka kumi ijayo.

Naomba ushauri mapema kwa sababu nilishaumia. Mwaka 2019 nilipita mji mwingine wa Italia kwa siku moja tu. Nilikuwa na njaa, nikaingia mkahawa wa kwanza niliouona karibu na kanisa kubwa. Kijana mlangoni alinikaribisha kwa Kiingereza, menyu ina picha kila ukurasa. Piza ikaja ya vuguvugu, jibini limeshaanza kukakamaa, na kwenye bili nikakuta nimelipishwa hata mkate ambao sikuuagiza. Nilitoka na huzuni, si ya pesa tu. Siku yenyewe ilikuwa moja na sikuweza kuirudia.

Mimi sili nguruwe, na posho yenyewe ni ya kuhesabu. Aliyewahi kufika anisaidie: niende wapi, niagize nini, na nitajuaje mahali pazuri kabla sijakaa?

---

Baharia_wa_Kizingo

Mwalimu, mimi ni mtu wa meli, Mombasa. Napoli tumetia nanga mara tatu, na kila mara tulikuwa na saa chache tu za kushuka. Kwa hiyo nakwambia kama mtu asiye na muda.

Ukishuka bandarini au ukitoka stesheni ya Garibaldi, nenda moja kwa moja Da Michele, Via Cesare Sersale. Wako tangu 1870, na sifa yao ni piza mbili: marinara na margherita, ile ya nyanya na jibini. Meza za marumaru, hakuna mapambo, unakula na kuondoka. Mlangoni chukua namba, usijipange tu kwenye foleni ukadhani utafikiwa. Mara ya kwanza nilisimama nusu saa nzima bila namba, na hakuna aliyeniambia kitu.

Sisi mabaharia tuliagiza marinara, kwani jina lenyewe wanalihusisha na watu wa bahari. Haina samaki, watu wengi hudhania hivyo. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, basi. Jibini hamna kabisa. Wenzangu walilalamika kwamba ni chakula cha maskini. Walipoonja wakanyamaza.

---

BintiNgamiani

Shikamoo mwalimu, na karibu Napoli hata kabla hujafika.

Nimeishi mji huo tangu Oktoba 2017 hadi katikati ya 2019 nikisoma, chumba changu kikiwa mtaa wa Materdei. Babu yangu alikuwa na tanuri la mikate Ngamiani, Tanga, na nimekua na harufu ya kuni na hamira puani. Mpaka leo nikiingia mji mgeni natafuta tanuri kwanza. Nikiliona tanuri na mtu anayelihudumia, najua kama nitakula vizuri.

Kama warsha yenu itakuwa Palazzo Corigliano, jengo la chuo lililoko uwanja wa San Domenico Maggiore, basi umewekwa mlangoni pa chakula. Panda juu kidogo, dakika tano kwa miguu, utaingia Via dei Tribunali. Ni barabara nyembamba iliyonyooka, imekuwepo tangu mji ulipokuwa wa Wagiriki. Hapo kuna mikahawa ya piza ya Sorbillo na Di Matteo, na wote wana foleni. Jioni ya kwanza usikae popote. Nenda Di Matteo, simama kwenye dirisha la nje, omba *a portafoglio*. Ni piza ndogo inayokunjwa mara mbili mpaka iwe kama pochi, inafungwa kwenye karatasi, unaila umesimama. Wakati wangu ilikuwa euro moja na nusu. Bill Clinton, akiwa rais wa Marekani, alikula hapo Di Matteo mwaka 1994 alipokuja kwa mkutano wa G7, na wenyewe hawajaacha kulitaja. Inamisha kichwa mbele unapouma, maana mafuta na maji ya nyanya yatateremka mpaka kwenye kiwiko.

Sasa nikujibu hilo la kujua mahali pazuri kabla hujakaa, kwa sababu ndilo litakalokufaa hata ukienda mji mwingine.

Angalia mikono ya fundi. Simama mlangoni dakika tatu, hawakatazi. Donge la unga anaanza kulibonyeza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, hewa yote inakimbilia ukingoni. Kisha analilaza nusu juu ya marumaru, nusu mkononi, anavuta, anageuza, kofi, anavuta tena. Hashiki mti wa kusukumia kama sisi tunavyosukuma chapati. Ukiona mti huo, au mashine ya kubana unga, endelea na safari yako. Nyanya anaimwaga kijiko kimoja na kuizungusha kwa mgongo wa kijiko, halafu mafuta kutoka kwenye birika la shaba lenye mdomo mwembamba, kwa mzunguko kama gamba la konokono. Anaivutia kwenye sepetu, anainyoosha mara ya mwisho, inaingia. Ndani ya tanuri joto limepita digrii 400. Ukianza kuhesabu polepole, kabla hujafika tisini piza imeshatoka. Mtu wa pili, anayeshika tanuri, kazi yake ni kuigeuza tu na kuangalia moto. Babu yangu angekaa hapo siku nzima.

Nilipofika nilikuwa nadhani hayo ni mbwembwe za biashara. Miezi miwili baadaye, Desemba 2017, UNESCO wakauingiza ufundi huo wa watu wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Angalia vizuri: walichokiingiza ni ufundi wa mikono, chakula chenyewe hakikutajwa peke yake. Nilifurahi kama vile wamemtaja babu.

Jambo jingine, mwalimu, ujiandae nalo: piza ya kule ni laini sana katikati na ina majimaji. Ukiinua kipande, ncha inaning'inia. Siku ya kwanza nilidhani imetoka mbichi, karibu niirudishe. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukingo umevimba, una madoa meusi ya moto, ndani mwepesi kama mandazi yaliyoumuka vizuri. Na kila mtu anakula yake nzima kwa kisu na uma, haikatwi vipande. Ukikuta ukingo umekakamaa na umepauka sawasawa pande zote, hiyo imepoteza njia.

Ile nisiyoisahau niliila Da Michele, kwa hiyo namuunga mkono baharia. Ilikuwa Ramadhani ya 2018, mwishoni mwa Mei, na jua la Napoli mwezi huo linazama saa mbili na dakika ishirini usiku kwa saa zetu. Mimi na mwenzangu wa chuo, dada wa Kisenegali, tulitoka upande wa Piazza Mercato kwenye msikiti, tukafika Via Sersale na kuchukua namba. Tulipata 74. Walikuwa wanaita hamsini na kitu. Tumekaa ukingoni mwa njia, tende tatu tatu kwenye karatasi, macho kwenye simu. Ikafika magharibi, tukafungua kwa tende na maji barabarani, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu na mkewe akatuuliza tunakula nini. Tukampa tende moja. Namba yake ilikuwa mbele yetu. Alipoitwa, alizungumza na mtu wa mlangoni kwa Kinapoli, haraka haraka, sikuelewa neno. Nilichoona ni kwamba tuliitwa sisi, na yeye na mkewe wakabaki nje kusubiri namba yetu.

Niliagiza marinara. Imefunika sahani na kuning'inia pembeni. Nimefunga tangu saa tisa na nusu usiku, mbele yangu kuna nyanya, kitunguu saumu na mkate wa moto. Mpaka leo nikisikia harufu ya oregano ninarudi kwenye meza ile.

Marinara inakufaa pia kwa hilo la nguruwe. Kwa kanuni za Napoli, donge lina unga, maji, chumvi na hamira tu, mafuta ya aina yoyote hayaingii ndani. Na kwa kuwa haina jibini, hata wanaoogopa kigandisho cha jibini kinachotoka tumboni mwa ndama wanapumua. Margherita huenda ikanyunyiziwa jibini gumu lililokunwa, hivyo uliza kama linakuhusu. Hatari iko kwenye piza ya kukaanga, *pizza fritta*: tumboni mwake mara nyingi kuna rikota, jibini laini, na *cicoli*, na cicoli ni mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa. Sema "senza maiale", bila nguruwe, kabla hawajaikunja.

Jioni ya tatu panda Metro namba 1 ushuke Materdei, nenda Starita. Wamekuwa hapo tangu 1901. Omba *montanara*: donge linakaangwa kwanza, linapakwa nyanya na jibini, kisha linapita kwenye tanuri. Unadhani itakuwa nzito, kumbe ni nyepesi. Huo ulikuwa mtaa wangu, nisamehe kama naupendelea.

---

Mkazi_wa_Kigamboni

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini msimpe mwalimu picha kwamba nje ya Napoli hakuna kitu. Mimi nilikaa Roma mwaka mmoja. Kule kuna *pizza al taglio*: inaokwa kwenye sinia refu la chuma, unaonyesha kwa mkono unataka kiasi gani, wanakata kwa mkasi na kupima kwenye mizani. Unalipia uzito. Ya viazi na majani ya rozmari, bila nyanya, ndiyo iliyonishika mimi. Ukingo unavunjika kwa mlio. Kama ndege yako inapitia Roma, tenga saa moja.

---

BintiNgamiani

Kaka wa Kigamboni, ya viazi naikubali kwa moyo wote. Ila Roma ni chakula kingine, unga wake na tanuri lake ni tofauti, na mwalimu ana siku nne za Napoli. Azimalize hapo kwanza.

---

Mwalimu_wa_Dodoma

Marahaba binti yangu, na Mungu akubariki. Hiyo habari ya mzee na tende nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Nina maswali matatu ya mwisho. Niende saa ngapi ili nisisimame foleni mpaka usiku? Ule mkate niliolipishwa bila kuuagiza, kama ni ada ya kukaa mezani, ni halali au niliibiwa? Na kuna chochote naweza kuwabebea watoto, maana piza yenyewe haitafika Dodoma.

---

BintiNgamiani

Saa: wenyewe wanakula usiku, foleni inakuwa ndefu kuanzia saa mbili usiku kwa saa zetu. Wewe fika saa moja kasorobo jioni. Pengi panafungwa alasiri na kufunguliwa tena saa moja, kwa hiyo utakuwa miongoni mwa wa kwanza, na tanuri litakuwa limeshika moto vizuri. Nusu siku yako ya mwisho nenda saa tano na nusu asubuhi, kabla wafanyakazi hawajatoka kula.

Ada ya kukaa inaitwa *coperto*, ni kawaida ya Italia na lazima iandikwe kwenye menyu. Ya euro moja au mbili usigombane nayo. Ikiwa haijaandikwa, uliza kwa upole kabla ya kuagiza. Kwenye dirisha la nje huilipi.

Na ile hadithi ya Malkia Margherita wa Italia utaisikia kila kona: kwamba mwaka 1889 fundi Raffaele Esposito alimpikia malkia piza ya rangi za bendera, nyekundu ya nyanya, nyeupe ya mozarela, kijani ya mrehani. Mkahawa wa Brandi wana kibao chake ukutani. Wanahistoria wanaitilia shaka, lakini wasimulie watoto, ni hadithi nzuri.

Cha kubeba: nunua makopo mawili matatu ya nyanya za San Marzano, yenye alama ya DOP inayothibitisha zinakotoka, kwenye duka la kawaida la vyakula na si kwenye maduka ya zawadi. Yaweke kwenye begi la kupakia chini, mkononi watakunyang'anya. Kisha sokoni Pignasecca tafuta oregano kavu inayouzwa ikiwa bado kwenye vijiti vyake, kama kifurushi cha mchaichai. Nyumbani kanda unga usiku, uache uumuke mpaka kesho yake, na mkiwa na jiko la mkaa washa moto juu na chini ya sufuria kama mnavyopika mkate wa kumimina. Haitakuwa ya Via Sersale, ila watoto watajua harufu yake. Hiyo oregano uifunge kwenye gazeti nene, maana shati zote zitanukia.