Maji ya bafu yanavuja hadi kwa jirani wa chini: je, ni lazima sakafu yote ivunjwe?

MamaNeema_Donholm:
Habari zenu. Ninaishi katika nyumba yangu mwenyewe, ghorofa ya tatu, hapa Donholm. Jirani wa chini amenionyesha doa la maji kwenye dari ya bafu lake, ambalo limeendelea kupanuka ingawa mvua za masika zimekwisha. Maji hudondoka jioni baada ya sisi kuoga, na siku ambayo hakuna aliyeoga, dari hubaki na unyevu bila tone lolote. Fundi niliyemwita alitazama kwa dakika chache, akasema shimo la kutolea maji ndilo linalovuja na kwamba vigae vyote ving'olewe. Kabla sijakubali gharama hiyo, ningependa kujua kama ipo njia ya kuthibitisha maji yanapitia wapi, na kama shimo linaweza kutengenezwa peke yake.

Fundi_Kariobangi:
Mama Neema, usikubali kigae hata kimoja kiguswe kwanza. Kwa kuwa maji hudondoka baada ya kuoga tu, bomba la maji safi ambalo huwa na msukumo mchana na usiku halihusiki, maana hilo lingevuja hata mkiwa mmesafiri. Yamebaki mambo matatu: bomba la maji taka pamoja na kile kikombe kilichopinda chini ya wavu, ambacho mafundi tunakiita trapu, mahali trapu inapokutana na vigae, na kipande cha bomba kinachopanda ukutani kutoka kwenye koki hadi shawa, ambacho hupata maji pale tu koki inapofunguliwa.

Anza na trapu. Ondoa wavu, ingiza mpira wa maji ndani ya shimo, kisha mimina ndoo moja au mbili bila kulowesha sakafu, huku jirani akiangalia dari. Tone likionekana, kosa liko kwenye trapu au kwenye kiungo cha bomba. Dari ikibaki kama ilivyokuwa, ziba shimo kwa kizibo cha mpira na ujaze maji juu ya vigae. Mtungi mmoja wa lita 20 hutoa kina cha sentimita 2 kwenye sakafu ya mita moja ya mraba, na kina hicho kinatosha. Weka alama ya penseli ukutani usawa wa maji, uache hadi kesho yake. Majaribio yote mawili yasipoonyesha kitu, ndipo umshuku ukuta.

Na tafadhali, kama kuna taa karibu na lile doa, jirani aizimie umeme kwenye kisanduku cha swichi hadi kazi iishe.

Mkazi_Kasarani:
Kwangu fundi alipaka silikoni kuzunguka wavu na uvujaji ukakoma siku hiyohiyo. Sioni sababu ya kujisumbua na mitungi ya maji, hasa katika mtaa ambao maji yenyewe huja kwa zamu.

Fundi_Kariobangi:
Ndugu yangu, silikoni haishiki juu ya saruji yenye unyevu wala juu ya mabaki ya sabuni. Mara nyingi huziba kwa juu, maji yaliyokwisha kuingia chini ya vigae yakabaki humo yakitafuta njia nyingine. Ikiwa kwako imeshika, nafurahi, lakini siwezi kumshauri mtu aanzie hapo.

MamaNeema_Donholm:
Nimefanya kama ulivyoelekeza. Maji niliyomimina ndani ya shimo hayakuleta tone lolote. Nilipoziba na kujaza sakafu, dari ya jirani ilianza kudondoka kabla ya usiku, na asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya alama.

Fundi_Kariobangi:
Basi bomba lako ni zima, na hiyo ni habari njema. Ninachoshuku zaidi ni ukingo wa trapu. Plastiki ya PVC haishikamani na saruji, na mchanganyiko wa saruji na mchanga husinyaa kidogo unapokauka. Maji ya moto nayo huifanya plastiki itanuke na kurudi kila mnapooga. Hivyo hutokea ufa mwembamba kuzunguka trapu, mahali hasa ambapo maji yote ya sakafu hukusanyika.

Kata kwa grainda vigae vinavyopakana na shimo tu, kisha uchimbe saruji iliyolegea kwa tindo ndogo bila kuigonga trapu. Ukingo wa plastiki ukwaruzwe kwa msasa, upakwe gundi ya PVC, na mchanga mkavu unyunyizwe juu yake ingali mbichi, ili saruji mpya ipate mahali pa kushika. Jaza kwa saruji isiyosinyaa, ikaushe, kisha paka dawa ya saruji ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukikatisha wa kwanza, na ipande juu ya ukingo wa trapu. Rudia jaribio la kujaza maji kabla ya kurudisha vigae. Fundi anayekataa jaribio hilo, mtafute mwingine.

Mhandisi_SouthB:
Nakubaliana, ila nina tahadhari moja. Grauti ya kawaida kati ya vigae hupitisha maji, na mabafu mengi ya magorofa yetu hayakupakwa dawa yoyote chini ya vigae. Ukitengeneza shimo na maji yakaendelea kushuka chini ya alama, yule fundi wa kwanza atakuwa amepatia, ingawa hakupima chochote. Pia acha kusafishia vigae kwa asidi, kwa maana huila grauti.

MamaNeema_Donholm:
Asanteni sana. Jirani anataka nimpakie dari rangi wiki hii. Je, nikubali?

Mhandisi_SouthB:
Hapana. Slabu iliyonyonya maji hukauka polepole, na baridi ya Julai huichelewesha zaidi. Mwombe avumilie hadi doa liache kubadilika, kisha lipakwe kwanza rangi ya mafuta, kwa sababu rangi ya maji peke yake italiacha lijitokeze tena.