Fimbo za Jumatatu ya Pasaka huko Ucheki: utani au uonevu?

Mwanzisha mada
Wakuu, hili nalileta mezani. Ucheki na Slovakia, asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, wanaume na wavulana hupita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kusukwa. Kwa Kicheki inaitwa pomlázka. Wanawachapa wanawake miguuni na makalioni huku wakighani kishairi cha kuomba mayai. Aliyechapwa ndiye anayetoa zawadi: yai la rangi, utepe wa kufunga kwenye fimbo na, kwa watu wazima, kikombe kidogo cha slivovice, pombe kali ya plamu. Hungaria wao humwagia maji au manukato. Wenyewe wanasema ni baraka na uchumba. Nauliza: huyo mwanamke anacheza, au anachezewa?

Ukili
Tuanze na fimbo yenyewe, maana wengi wanadhani ni bakora. Ni vitawi vya mwerebi, ule mti wa kando ya maji, kwa kawaida vinane, vyembamba kuliko penseli, vilivyokatwa vikiwa bado na utomvu. Funga pamoja upande mnene, gawa vinne kulia na vinne kushoto. Kitawi cha nje kabisa cha kulia kipitishe nyuma, kichomoze katikati ya vinne vya kushoto, kirudi upande wake kiwe cha ndani. Kisha kushoto vilevile, hadi mwisho. Neno pomlázka limetokana na kurudisha ujana: utomvu wa mti mbichi unampa mtu afya. Ndiyo maana kitawi kikavu ni kosa mara mbili. Hakina uhai wa kumpa mtu, na kinavunjika ndani ya msuko, ncha inachomoza, ngozi inakwaruzwa. Fimbo mbichi iliyosukwa vizuri, mkono ukiwa mwepesi, haiachi alama.

Mama Wawili
Ndugu yangu Ukili, kusuka umetufundisha, ahsante, lakini swali halikuwa ukali wa fimbo. Swali ni nani anaishika. Karne ya 14 mhubiri wa Praha, Konrad Waldhauser, aliandika kwamba wanandoa na wapenzi walichapana siku za Pasaka. WALICHAPANA. Huo ndio utani: unatupa, unarushiwa. Baadaye fimbo ikabaki mkono mmoja. Halafu watetezi wa mila hii husema msichana asiyepitiwa nyumbani kwake huona amedharauliwa. Hofu ya kudharauliwa si ridhaa.

Mzee wa Baraza
Mama Wawili, heshima yako. Kurudisha kupo. Sehemu nyingi adhuhuri ndiyo mpaka: anayekuja na fimbo mchana anamwagiwa ndoo ya maji baridi. Kuna mahali, mwaka mrefu (ule wa siku 366), wanawake ndio wanaoshika fimbo. Ninachokikataa mimi ni kutoka mlangoni kwenda barabarani. Mlangoni unaghani kwanza, wenyeji wanakujua, mama wa nyumba yupo, na mlango unafunguliwa kwa ndani. Poland, ambako mchezo wa siku hiyo ni maji, vijana wamekuwa wakimwagia ndoo nzima wapita njia wasiowajua, na polisi huwatoza faini. Mpita njia hakufungua mlango wowote.

Ukili
Ongeza pombe. Nyumba kumi ni vikombe kumi kabla ya adhuhuri, na aliyesuka fimbo saa mbili akiwa na akili zake siye anayeishika saa tano. Mkono unakuwa mzito wala mwenyewe hajui.

Mama Wawili
Hapo tumekutana nusu njia, Mzee, ila ndoo ya adhuhuri haimsaidii aliyechapwa saa tatu asubuhi bila kutaka. Mimi ningeweka hivi: shairi likiisha, fimbo inakabidhiwa mwenye nyumba. Akitaka kuguswa nayo anairudisha. Asipotaka, anafunga utepe wake, anatoa yai, na kijana anashukuru kama aliyechapa. Na binti akitaka kutoka na fimbo yake asubuhi hiyohiyo, apite njia ileile wanayopita kaka zake.