Kikundi cha Familia, Tanga: Mama Anapungua Mwili

Dada Mkubwa: Assalamu alaikum nyote. Jana jioni nilikuwa kwa Mama. Gauni alilolivaa Idi sasa linamning'inia mabegani, na pete yake ameizungushia uzi isidondoke. Nilipofunua kawa nikakuta wali na samaki wa mchana havijaguswa, ilhali Mama ananihakikishia kwamba amekwisha kula na ameshiba.

Mjomba: Waalaikum salaam, wanangu. Wazee hupungua, hata mimi nimepungua. Tusimsumbue mama yenu kwa mizani.

Mdogo wenu, Muuguzi: Shikamoo Mjomba, shikamoo Dada. Kwa heshima zote, Mjomba, hili tusiliite uzee. Kadi yake ya shinikizo la damu inaonyesha kilo 58 mwezi wa Januari, na sasa ana 53. Mtu akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, anapaswa kuchunguzwa, na Mama amekwisha kuvuka kiwango hicho. Ugonjwa wa kusahau alio nao Mama, hata ukiwa bado mchanga, hupunguza uwezo wa kunusa, hivyo chakula hupoteza ladha. Humfanya mtu asahau kama amekula, na kupika kwenyewe, kwa kuwa kuna hatua nyingi za kufuatana, humchosha hadi akaacha.

Kaka, Dar: Fedha za matumizi zinafika kila mwezi, kwa hiyo chakula kipo. Je, si ile donepezili, dawa ya kusahau aliyoanzishwa?

Mdogo wenu, Muuguzi: Huenda inachangia, Kaka, kwa sababu inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula, hasa mwanzoni au dozi inapoongezwa. Hata hivyo tusiisimamishe wenyewe. Daktari ndiye ataamua. Tumwombe pia amwangalie meno, sukari, tezi ya shingo na kifua kikuu, na kama ana huzuni, maana mgonjwa wa kusahau naye huugua maradhi mengine. Tumuulize vilevile kama yale masharti ya kuacha nazi na mafuta bado yanamfaa mtu anayekonda.

Wifi: Shikamooni. Mimi niko jirani naye, na nimeona kwamba ukimpelekea sahani ukaondoka, ataifunika. Lakini mkikaa mkekani mkala pamoja, humaliza bila kuhimizwa. Mchana nitakuwa nakula kwake mimi na watoto. Asubuhi nitampikia uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, na nitaacha ndizi na parachichi mezani, mahali anapoviona.

Dada Mkubwa: Ahsante sana, wifi yangu. Chakula cha usiku niachieni mimi. Tutampima kila Ijumaa kwa mizani ileile na kuandika kwenye daftari.

Mjomba: Nimeelewa, mwanangu. Alhamisi nitampeleka kliniki mimi mwenyewe, kwani nikimwambia twende hanikatalii. Niandikie maswali ya daktari kwa herufi kubwa.