Mianzi ya jirani: gumzo la kikundi cha "Nyumba ya Bibi"

JUMAMOSI

Salma, 07:12
Assalaam aleikum nyote. Jamani, mianzi ya Mzee wa nyuma imeshavuka ukuta. Nafagia uani nakuta vichipukizi vinne, kimoja kimeinua kigae cha baraza. Kigae kizima! Picha hiyo hapo.

Hamisi, 07:15
Wa aleikum salaam. Chumvi. Changanya na dizeli, mwaga usiku. Wiki moja kwisha habari yake.

Shangazi Rehema, 07:21
Wewe Hamisi nani kakufundisha? Chumvi ukishaimwaga inakaa kwenye udongo wetu, hata jani halitaota hapo. Na dizeli ikilowea chini ndiyo basi tena.

Hamisi, 07:22
Shikamoo shangazi. Basi dawa ya magugu.

Shangazi Rehema, 07:26
Marahaba. Hiyo nayo inapita ndani ya mzizi. Unapulizia huku, inakauka kule kwake. Mianzi ya kutambaa imeungana chini kwa chini, unaona miche hamsini kumbe mmea mmoja.

Mjomba Idi, 07:40
Tuwe watu wazima. Ukuta wetu, mpaka wetu. Kilichovuka ni chetu, kata.

Nuru, 07:52
Shikamooni wakubwa. Mjomba, kukata sawa, "ni chetu" hapana. Hilo tumelisoma muhula huu. Uingereza kuna kesi ya Lemmon na Webb, 1895: tawi likivuka mpaka unaweza kulikata hata bila kumwarifu mwenye mti, ilimradi usikanyage kwake. Lakini ulichokata kinabaki mali yake.

Mjomba Idi, 07:53
Marahaba mwanasheria wetu. Kwa hiyo nikate halafu nimpelekee na salamu?

Nuru, 07:58
😂 Karibu hivyo. Na si kila mahali ruhusa iko hivyo. Ufaransa tawi huligusi, unamlazimisha mwenye mti alikate. Mzizi ndio unaruhusiwa kuukata mwenyewe, mwisho mpakani. Ujerumani tawi unampa kwanza muda wa kutosha. Japani walirekebisha sheria yao, ikaanza kutumika 2023: umemwomba, muda umepita, hajakata, hapo unakata.

Hamisi, 08:01
Huu ni mzizi, si tawi. Chumvi.

Nuru, 08:04
Hata mzizi si kiholela. California, kesi ya Booska na Patel, 1994. Mtu kachimba kwenye uwanja wake mwenyewe, kakata mizizi ya msonobari wa jirani hadi kina cha futi 3, jirani akadai mti wake umeharibika. Mahakama ya rufaa ikasema haki ya kukata unayo, ila uitumie kwa busara.

Salma, 08:10
Jamani mimi nina kigae kilichopasuka. Nifanye nini LEO?

Shangazi Rehema, 08:24
Sikiliza mwanangu. Kwanza piga picha kila kitu kabla hujagusa. Pili, usikate juu ukadhani umemaliza, utakuwa unainyoa tu. Fukua pembeni ya ukuta. Mizizi hiyo mingi haiendi chini sana, ndani ya sentimita 30 utaikuta. Minene, ina pingili. Kitaalamu ni shina linalotembea chini ya ardhi. Ikate mpakani, itoe ya upande wetu yote, hata kipande kidogo chenye jicho usikiache. Halafu machipukizi yakitokeza tena yavunje yangali machanga, kila mara bila kuchoka. Hayapati majani, hayajilishi, mwisho yanakufa njaa. Hiyo si kazi ya wiki moja, tusidanganyane.

Salma, 08:25
Na yasirudi?

Shangazi Rehema, 08:29
Mfereji kando ya ukuta, kina sentimita 60, unasimamisha plastiki nzito. Acha ukingo wa sentimita 5 juu ya udongo ili ukiona mzizi unataka kuruka uukate. Lakini nenda kamwone Mzee kwanza. Mfereji huo ungechimbwa kwake ungekuwa bora zaidi, unazuia chanzo.

Salma, 08:31
Namwonea haya. Tangu tuhamie vyumba vya nyuma sijawahi kumgongea mlango zaidi ya kumpa pole ya msiba.

Mjomba Idi, 08:33
Usiende mikono mitupu na usiende na picha. Nenda umjulie hali. Mianzi itaingia yenyewe kwenye mazungumzo, kwani haina adabu ya kukaa kwake.

Hamisi, 08:34
😂😂😂

Salma, 11:47
Kwanza nimechimba kidogo nione. Shangazi, angalia picha hii. Mzizi una ncha kali kama pembe. Ncha inaelekea UKUTANI. Yaani kwake. Inakuwaje?

Shangazi Rehema, 11:58
Safisha udongo upige tena.

Shangazi Rehema, 12:06
Mh. Ncha ndiyo inayotangulia. Mzizi huo unatoka kwetu unakwenda kwake.

Hamisi, 12:07
Eti nini?

Mjomba Idi, 12:15
Ngojeni. Pale vilipojengwa vyumba vya nyuma si palikuwa na tangi la maji? Na kando ya tangi?

Salma, 12:22
Nimemuuliza Bibi. Anasema niandike hivi: "Mianzi ile aliipanda marehemu babu yenu ili kuficha tangi. Mafundi waliikata wakamimina zege juu. Nilisema ing'olewe, mkaniambia mzee wa zamani hajui ujenzi."

Mjomba Idi, 12:23
Aliyesema ni mimi. Naona aibu.

Nuru, 12:25
Basi kesi imegeuka. Sisi ndio washtakiwa.

Salma, 16:40
Nimetoka kwa Mzee. Amecheka mpaka kikohozi. Anasema ilianza kuota kwake miaka mingi nyuma, akajua ni yetu, akanyamaza asije akamuudhi mjane. Baadaye akaizoea, sasa anaipenda, kivuli chake anakaa kusikiliza redio. Ila jikoni kwake nako imeinua sakafu.

Shangazi Rehema, 16:44
Ya Rabi. Na hakusema?

Salma, 16:46
Hakusema. Tumekubaliana: anabakiza kichaka cha redio na kukizungushia plastiki, huku kwetu inatoka yote. Mfereji wa ukutani tunachimba sisi. Sakafu ya jiko lake tunatengeneza sisi. Jumamosi ijayo saa 1 asubuhi. Mjomba aje na mtaimbo.

Mjomba Idi, 16:47
Nitakuja na mitaimbo miwili.

Hamisi, 16:52
Mimi chumvi nilishanunua tangu asubuhi. Mfuko mzima.

Salma, 16:55
Bibi anasema uilete jikoni.