Kusubu puli za alumini: kalibu ya mchanga au ya chuma?

KalibuKavu: Wakuu, nalinganisha njia mbili za kusubu puli ya mkanda, inchi 8, kama kilo 1.5, idadi 150. Skrepa iliyopo ni pistoni, fremu za madirisha na rimu za magari. Naambiwa kalibu ya chuma inapoza haraka na puli inatoka ngumu zaidi. Ni kweli? Na skrepa zote nizichanganye?

Mkerezaji: Usichanganye. Skrepa ndiyo inayoamua kalibu gani itakukubali. Pistoni za kawaida zina silikoni karibu 12%, jirani kabisa na kile kiwango ambacho alumini na silikoni huganda pamoja kwenye nyuzi 577 za Selsiasi. Inabaki maji mpaka mwisho, kisha inaganda karibu yote kwa mkupuo, ndiyo maana inajaza kona vizuri.

Fremu za madirisha ni kinyume. Silikoni haifiki 1%, na kuganda huanza karibu nyuzi 654 kukaendelea hadi 616 hivi, ukipoza haraka hata chini ya hapo. Njia nzima hiyo fuwele zimeshashikana kama matawi ya mti, na katikati kumebaki maji kidogo tu. Puli inajikunja huku kalibu ya chuma hailegei, kwa hiyo spoku zinachanika zingali za moto. Mchanga unalegea nayo. Rimu, zenye silikoni karibu 7%, zinaingia kalibu zote mbili.

Fuwele_Ndogo: Hilo la ugumu ni kweli, lakini linganisha aloi (mchanganyiko wa metali) ileile. Kwenye mchanga joto hushuka takriban nyuzi 1 kwa sekunde au pungufu. Kwenye chuma ni kama mara kumi ya hapo. Nafasi kati ya tawi na tawi la fuwele hutoka mikromita 50–100 hadi 20–40. Silikoni nayo hukatika vipande vidogo badala ya vibapa virefu, na vibapa ndivyo vinavyoanzisha ufa.

Gesi pia. Alumini iliyoyeyuka hubeba haidrojeni karibu mara 20 ya iliyoganda. Ikiganda polepole, gesi inapata muda wa kukusanyika na kuacha matundu. Mchanga haumsamehe aliyechemsha kupita kiasi.

Mchanga_Mbichi: Sawa mkuu, ila kalibu ya chuma mnaisifia upande mmoja. Ile ni kazi: ichongwe kwa chuma cha kusubu, kuta ziwe na mteremko wa nyuzi 3 hivi, ipakwe chokaa au talki kwa maji ya silikati, ipashwe hadi nyuzi 200–300 kabla ya kumimina. Ikiwa baridi, mikondo miwili inakutana imeshaota ngozi na haiungani. Utaona mstari, na hapo ndipo puli itakapovunjika. Ukichelewa kuitoa puli, inabana kiini cha kati (kipande cha kalibu kinachounda tundu la katikati) na hutaitoa bila nyundo. Mfereji wa mkanda nao hautatoka bila kalibu ya kufunguka pembeni, kwa hiyo utaukereza, na kukereza kunaondoa ngozi ya nje, penye fuwele ndogo kuliko kote.

Mimi ningetumia mchanga (bentonaiti, ule udongo wa kuushikanisha, 6–8%, maji 3–4%) pamoja na kipande cha chuma kilichozikwa pembeni mwa kitovu. Kitovu ni kinene, kinaganda mwisho, na shimo la kunywea (linaloachwa na alumini ikisinyaa) hutokea hapo. Kile chuma kinakinyonya joto ili kiwahi kuganda. Kipashwe kwanza kikauke. Kikiwa na unyevu, mvuke unapenya ndani ya alumini. Juu ya kitovu bado weka kisima cha kulishia, yaani akiba ya alumini iliyoyeyuka.

Mkerezaji: Hapo nakubali kwa puli 20. Kwa 150 za pistoni, chuma kinajilipa.

Tanuri_Kali: Kwenye kuyeyusha, haraka ni faida. Alumini ikikaa muda mrefu motoni inaota taka na kunywa gesi. Yeyusha vipande vinene kwanza, vingine vizamishe ndani ya alumini hiyo iliyoyeyuka vikiwa VIKAVU na vya moto. Kipande chenye maji ndani ya alumini iliyoyeyuka ni mlipuko, si mchezo. Mimina kwenye nyuzi 700–740. Toa ringi na pini za pistoni, maana chuma kikiyeyukia humo kinaota sindano ngumu zinazoivunja aloi. Rimu au kasha la injini ukilitilia shaka, kwangua, dondoshea siki: likitoa povu ni magnesi, litaungua.

KalibuKavu: Shukrani. Za pistoni nikizichoma kisha kuzitumbukiza majini zitaongezeka ugumu?

Fuwele_Ndogo: Ndiyo, lakini usipande na moto kwa pupa. Kilichoganda mwisho ndicho huyeyuka kwanza. Kati ya fuwele kuna mifuko midogo yenye shaba na magnesi inayoanza kuyeyuka karibu nyuzi 507, wakati puli yenyewe inaonekana imara kabisa. Ukikimbilia 520 moja kwa moja, mifuko hiyo inayeyuka, uso unaota malengelenge, na hakuna kurekebisha. Panda hadi 490, kaa saa 4 au zaidi ili shaba na magnesi ya mifuko hiyo isambae ndani ya alumini ikiwa bado imeganda, tumbukiza kwenye maji ya nyuzi 60–80, kisha oka kwa 170 saa 8 hivi. Za mchanga zikalishe muda mrefu zaidi, mifuko yake ni mikubwa.